Mtambo Usomao Tarakimu

Katika toleo hili napenda kuwaelezeni habari ya mtambo wa kukereza chuma uendeshwao kwa tarakimu, ambao mafundi huuita kwa kifupi CNC. Habari hizi sikuzipata vitabuni peke yake. Likizo iliyopita nilizifuata mpaka Mwanza, shafti iliyovunjika vipande viwili ikiwa ndani ya mfuko wa salfeti mapajani mwangu, tangu Bunda, Lamadi na Magu mpaka mwisho wa safari.

Shafti hiyo ni ya mashine ya kusaga ya mjomba wangu, huko nyumbani Mugeta. Mashine yenyewe ni ya nyundo: shafti huzunguka kwa nguvu ya mkanda, nazo nyundo zilizoning'inia juu yake huponda mahindi, mtama na udaga. Ilipovunjika mara ya kwanza mjomba aliichomelea. Ikavunjika tena, akaichomelea tena. Mara ya tatu ilikatika asubuhi ya siku ya mnada, foleni ya mabeseni ikiwa imefika barabarani, na akina mama wakaondoka na nafaka zao vichwani kwenda kijiji kingine. Mjomba alikuwa amekopa fedha za kununulia mota, na deni halingoji shafti.

Hebu tutazame kwanza kwa nini chuma kile kilikatika, maana hapo ndipo somo lilipo. Nilipokishika kipande nikaona uso wa mvunjiko una sehemu mbili. Sehemu moja ilikuwa laini, yenye mistari ya mviringo kama ile ya gome la kobe. Sehemu ya pili ilikuwa ndogo, yenye chembechembe kama sukari guru. Mistari ile ni kazi ya uchovu wa chuma. Shafti inapozunguka huku mkanda ukiivuta upande mmoja, kila mzunguko huipinda kidogo, huku na huku. Ufa mdogo huanza kwenye kona kali, huenda mbele nywele kwa nywele kwa muda mrefu, hata kikabaki kipande kidogo kisichoweza kubeba mzigo, ndipo hukatika ghafula. Ufa wetu ulianzia penye bega, yaani mahali ambapo unene wa milimita 45 hupungua kuwa 40 ili beringi ikae. Kona ya bega ilikuwa kali kama ya boksi. Kuchomelea nako kuliongeza ubaya, kwa sababu chuma kilicho kando ya moto wa kuchomelea, kikipoa upesi, huwa kigumu lakini chepesi kupasuka.

Karakana niliyoelekezwa ilikuwa na mashine mbili za kukereza. Moja ni ya zamani, yenye magurudumu ya kuzungusha kwa mkono. Neno lenyewe kukereza si geni kwetu, maana Waswahili wa pwani walikereza miguu ya vitanda tangu kale. Mashine ya pili ilifungwa kama kabati, ina kioo mbele na vitufe kando. Kazi ya zote mbili ni moja: chuma hubanwa kwenye chaki (si chaki ya ubaoni, ndugu zangu), huzungushwa, kisha kisu husogezwa na kukivua ganda. Tofauti ni kwamba katika ile ya zamani mkono wa fundi ndio unaosogeza kisu, na katika ile ya pili mota husogeza kisu kwa kufuata tarakimu zilizoandikwa.

Fikira hii si ya jana. Huko Marekani, Bwana John Parsons wa jimbo la Michigan alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, akaona ni vigumu kuchonga umbo lake kwa macho. Akawaza kuupa mtambo orodha ya nukta. Chuo cha MIT kiliichukua kazi hiyo, na mwaka 1952 kikaonyesha mtambo wa kuchonga ulioongozwa na utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Hapa Tanzania, serikali ilijenga huko Hai, mkoa wa Kilimanjaro, kiwanda cha KMTC cha kutengenezea mashine za kukatia chuma, kwa msaada wa Bulgaria.

Fundi mkuu alikuwa mzee wa makamo, mpole. Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Nne, nami nataka kuandika programu hiyo mwenyewe. Akacheka, akaniuliza, "Beringi yako namba gani?" Nikamjibu 6208. Akaniuliza tundu lake ni milimita ngapi. Mimi nilikuwa nimepima shafti mbovu, nikapata 39.6, nikataja hiyo. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, umepima ugonjwa, hukupima afya." Kisha akanifundisha: chukua tarakimu mbili za mwisho za namba ya beringi, zidisha kwa tano. Nane mara tano ni arobaini. Kanuni hii hufaa kwa beringi za kawaida kuanzia zile ziishiazo 04. Kwa hiyo kikalio cha beringi kiwe milimita 40, tena kizidi kidogo sana ili beringi ishike: kati ya 40.002 na 40.018. Tukachagua 40.01. Kama ningekerezesha 39.6, beringi ingecheza juu ya shafti mpya tangu siku ya kwanza, na fedha ya mjomba ingepotea.

Sasa tuje kwenye tarakimu. Mashine hujua njia mbili. Z ni njia ya kwenda kwa urefu wa shafti, na X ni ya kuingia na kutoka. Sifuri ya Z tuliiweka kwenye uso wa mwisho wa chuma, na kuelekea kwenye chaki huandikwa kwa alama ya kutoa. X huhesabiwa kwa kipenyo: kisu kikiingia milimita 1, X hupungua kwa 2. Wengi hukosea hapo.

Mwendo wa kuzungusha chuma hupatikana kwa hesabu ambayo kila mtu wa Kidato cha Pili aiweza. Kwa chuma chetu na kisu chetu fundi alichagua ganda livuliwe kwa mita 120 kwa dakika. Mzingo wa chuma cha kipenyo 45 ni milimita 141.4. Gawanya 120,000 kwa 141.4, utapata kama 849, nasi tukaandika 850. Baada ya kuvua unene wa kwanza na kubakiza kidogo, mistari ya kumalizia ilikuwa hivi:

G97 S850 M03
G00 X40.01 Z2.0
G01 Z-19.0 F0.1
G02 X42.01 Z-20.0 R1.0
G01 X47.0
G00 Z50.0
M30

G97 huagiza mizunguko ibaki ileile, S850 ni idadi yake kwa dakika, na M03 huanza kuzungusha. G00 ni kwenda mbio pasipo kukata. G01 ni kwenda kwa mstari ulionyoka huku ukikata, na F0.1 maana yake kila mzunguko mmoja kisu kisogee sehemu moja ya kumi ya milimita. Mstari wa G02 ndio dawa ya ugonjwa wetu. Hapo kisu hakifanyi kona kali, bali hupinda kwa duara la nusu kipenyo milimita 1, ili ufa usipate pa kuanzia. Duara lisizidi hapo, maana kona ya beringi 6208 yenyewe si ya mviringo mkubwa, ingegota kabla ya kufika begani. (Ncha ya kisu nayo ni ya mviringo, na hiyo ina hesabu yake ambayo nimeiacha kwa makusudi.)

Lakini mimi sikuandika X40.01 kila mahali. Katika kuvua unene wa kwanza niliandika X42, bila nukta. Kwangu arobaini na mbili ni arobaini na mbili. Kumbe mashine ile, usipoweka nukta, huhesabu kwa sehemu za elfu za milimita, nayo ikasoma 0.042. Fundi alitazama karatasi yangu, hakusema neno. Akaisogeza sifuri milimita 100 mbali na chuma, akapunguza mwendo, akaniambia bonyeza. Nikabonyeza. Kisu kikapita hewani, kikashuka, kikashuka, mpaka katikati kabisa ya mhimili, mahali ambapo chuma kingekuwako. Nikatokwa na jasho. Kisu kingejikita katika chuma kinachozunguka mara 850 kwa dakika, na chuma hicho mjomba alikwisha kukilipia. Fundi akasema tu, "Ndiyo maana tunakimbiza hewani kwanza." Nikaongeza nukta. Mpaka leo nikiandika namba katika daftari la fizikia huiwekea nukta hata pasipohitajika, na mwalimu amekwisha kuniuliza.

Kabla ya kumalizia tulipima kwa maikromita. Tulitazamia 40.50, tukapata 40.54, maana kisu hulika. Hatukugusa programu, tuliingiza kutoa 0.04 katika hesabu ya kisu, na mzunguko wa mwisho ukatoa 40.01. Ule mkato wa mwisho haukufika hata dakika nusu.

Baadaye fundi alinionyesha kompyuta iandikayo mistari hiyo yenyewe. Kazi hiyo huitwa CAM. Unachora shafti, unaeleza chuma ulicho nacho na kisu utakachotumia, nayo hupanga njia za kisu, kisha huitafsiri kwa lugha ya mashine uliyo nayo, kwa maana kila mashine ina lafudhi yake. Kwa shafti kama yetu mkono watosha. Kwa panga la pampu lililopindapinda mistari huwa maelfu, wala hakuna mtu wa kuiandika. Lakini nimeona kwamba kompyuta nayo haijui kama meno ya chaki yamechomoza wapi, wala haingejua kwamba 39.6 ilikuwa ugonjwa. Kwa maoni yangu atakayeanza na CAM kabla ya kuandika japo programu kumi kwa mkono atavunja visu vingi.

Nilirudi Mugeta siku ya tatu. Beringi tuliipasha moto ndani ya mafuta ili itanuke, ikaingia begani bila kupigwa nyundo. Mjomba aliwasha mota jioni hiyohiyo bila kuweka nafaka, akasikiliza kwa muda mrefu, mkono juu ya boksi la beringi, kisha akamwita mama mmoja aliyekuwa akipita na beseni.

Kipande cha shafti ya zamani kimo sandukuni mwangu bwenini. Atakaye kuiona ile mistari ya uchovu na aje baada ya masomo ya usiku, ila asikishike kwa mikono yenye jasho, kinaota kutu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne