Moshi wa Sigara na Mate ya Mtoto

Kama unampigisha mtoto mswaki kila siku, pipi unamnyima, na bado magego yanatoboka, jiulize: nani anavuta sigara ndani ya nyumba hii?

Jino lina mlinzi wake, nayo ni mate. Mtoto akinywa uji wenye sukari, bakteria wa kinywani huigeuza sukari hiyo kuwa asidi inayolainisha jino. Mate huiosha asidi, huipunguza makali, kisha hulirudishia jino madini yake. Kazi hiyo inataka mate ya kutosha na yenye nguvu. Uchunguzi wa watoto wanaoishi na wavutaji umeonyesha kwamba mate yao huweza kuwa machache, yenye asidi zaidi na dhaifu katika kuizima. Juu ya hayo, moshi huziba pua. Mtoto akilala anapumulia mdomo, kinywa hukauka usiku kucha.

Nikotini ya sigara ikiingia mwilini hugeuka kotinini, nayo hupatikana hata katika mate ya mtoto ambaye hajawahi kushika sigara. Mwaka 2003, watafiti wa Marekani walieleza habari za watoto zaidi ya 3,500 wa miaka 4 hadi 11: wale ambao damu yao ilionyesha kotinini nyingi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuoza meno ya utoto. Huko Kobe, Japani, watoto karibu 77,000 waliozaliwa kati ya 2004 na 2010 walifuatiliwa hadi umri wa miaka 3. Katika nyumba zisizo na mvutaji, watoto 14 hivi kati ya 100 walikuwa na meno yaliyooza. Kwa waliovutishwa moshi wakiwa na miezi 4, walikaribia 28. Sukari bado ndiyo adui wa kwanza, lakini moshi humpunguzia mtoto kinga.

Hapa Sapiwi, wilayani Bariadi, moshi humfikia mtoto kwa njia tunazozijua. Babu anampakata mjukuu kwenye shikome, kando ya moto wa jioni, sigara iko mkono wa pili. Mvua ikinyesha, wavutaji huingia ndani, na kidirisha kimoja hakiwezi kuutoa moshi wote. Wengine humtuma mtoto akawashe sigara kwenye kaa la jikoni, naye huivuta kidogo isizimike njiani. Hilo la mwisho likome leo. Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya 2003 imebana uvutaji katika maeneo ya umma, lakini sebuleni kwako mlinzi ni wewe.

Wakulima wa pamba tayari tuna kanuni nzuri. Hakuna awashaye sigara karibu na rundo la pamba, na mgeni akisahau huambiwa pale pale, awe na umri gani. Kanuni hiyo hiyo iwekwe kwa watoto: anayevuta atoke nje, mbali na mlango na dirisha, na kabla ya kumbeba mtoto anawe mikono na kubadili shati, kwa kuwa mabaki ya moshi hung'ang'ania nguo. Mkwe asiachiwe mzigo wa kumkanya baba mkwe, mume ndiye azungumze na baba yake, kwa heshima: "Baba, tunaomba sigara isivutwe ndani, mtoto anaumia."

Kwenye meno, anza jino la kwanza linapochomoza. Dawa ya meno yenye floraidi iwe kiasi cha punje ya mchele hadi miaka 3, kisha kama punje ya njegere, na mtu mzima ndiye apige mswaki. Baada ya mswaki wa usiku, maji tu. Mara kwa mara mnyanyue mdomo wa juu uangalie meno ya mbele karibu na ufizi: mstari mweupe kama chaki ni dalili ya kwanza ya kuoza, na bado jino linaweza kuokolewa. Si kila rangi ni kuoza: madoa ya kahawia kwenye meno ya ukubwani huweza kutokana na floraidi nyingi majini, jambo linalojulikana katika baadhi ya maeneo ya ukanda wetu. Ufizi mweusi wa kuzaliwa nao si ugonjwa.

Ukiona mstari mweupe au tundu, usingoje maumivu. Mpeleke mtoto kituo cha afya, au kwa daktari wa meno Bariadi mjini, na mweleze bila kuficha kama kuna anayevuta sigara nyumbani.