Umeme ukirudi, spika hainisikii

*Mwanangu aliniletea spika ya Alexa. Naamuru taa, televisheni na hita ya maji kwa sauti. Umeme ukikatika na kurudi, vinagoma. Nimeharibu nini?*
*Mama, Machame*

Hujaharibu kitu, mama. Sauti yako haiishii sebuleni. Husafiri kwa intaneti hadi kwenye kompyuta za Amazon, ndipo amri irudi kwenye taa. Umeme ukirudi, ruta huchelewa kuamka kuliko taa. Subiri dakika 5, kisha zima taa ukutani uiwashe tena. Alexa haijui Kiswahili, basi vipe vifaa majina mafupi yasiyofanana.

Hita ndiyo inanitia hofu. Ya wati 3,000 huvuta amperi 13. Ukiiamuru kupitia plagi janja ya amperi 10, plagi hiyo inaweza kuungua. Kama ndiyo uliyo nayo, iondoe plagi hiyo leo. Ukinusa plastiki inaungua, zima swichi kuu, umwite fundi umeme mwenye leseni.