Rejeta Mpya, Gari Bado Linachemsha

Umebadilisha rejeta juzi. Leo uko kwenye foleni ya Mwenge na mshale wa temperecha unapanda vilevile. Usikimbilie kugombana na muuza spea, na usinunue kifaa kingine kabla hujajua unatafuta nini. Inawezekana rejeta ya zamani haikuwa na kosa lolote. Inawezekana pia shida imeingia wakati wa kubadilisha. Hilo lisikutishe, maana shida nyingi za aina hiyo zinaondoka bila kununua kitu.

Kwanza okoa injini. Zima AC. Kama huna pa kusimama, washa hita hadi mwisho na ufungue vioo. Hita inachota joto kwenye maji ya injini na kulileta ndani ya gari. Utatoka jasho, lakini utafika pembeni. Simama, zima injini, fungua boneti.

Mfuniko wa rejeta usiuguse. Maji yaliyo ndani yana presha na yamepita nyuzi 100. Ukifungua, yanageuka mvuke palepale na kukurukia usoni. Subiri saa nzima. Ukitaka kuhakikisha, bonyeza paipu ya juu kwa kitambaa: kama bado ni ngumu, presha bado ipo. Wala usimwagie injini ya moto maji ya baridi, silinda hedi inaweza kupinda.

Magari mengi madogo, Vitz ikiwemo, hayana mshale wa temperecha. Yana taa ya bluu ya baridi na taa nyekundu ya hatari, basi. Taa nyekundu ikiwaka, umeshachelewa. Nunua kifaa kidogo cha OBD cha Bluetooth, kichomeke chini ya usukani, usome joto kwenye simu. Injini nyingi za petroli zikishapata moto hukaa kati ya nyuzi 80 na 95 hivi. Ukiona 105 na bado inapanda, simama.

Sasa jiulize swali ambalo fundi mzuri huuliza kabla ya kushika spana: linachemsha wakati gani?

Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukishika kasi, angalia feni. Ukiwa kwenye mwendo, upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni bure. Ukisimama, feni ndiyo kila kitu.

Likitulia mjini lakini likachemsha kwenye mwendo mrefu au kwenye mlima kama Kitonga, maji hayazunguki vya kutosha. Hapo washukiwa ni themostati, pampu ya maji, paipu ya chini, au rejeta yenyewe ikiwa nyembamba au imeziba.

Likichemsha dakika chache baada ya kuwasha, hata hujatoka getini, shuku hewa iliyonaswa ndani, themostati isiyofunguka, au gasketi ya silinda hedi.

Anza na hewa hata kama dalili zinaelekeza kwingine. Ni bure, na ndiyo inayosahaulika zaidi baada ya kubadilisha rejeta. Maji yote yalimwagwa. Yaliporudishwa, hewa ilibaki kwenye kona za injini na kwenye hita. Penye hewa hapapoi. Tena sensa ikikaa kwenye hewa badala ya maji, inasoma vibaya, na feni inaweza isiwake kabisa.

Dalili yake ni hii: injini ina moto, hita umeiweka kwenye joto la mwisho, lakini inatoa upepo wa baridi. Au unasikia maji yanabubujika nyuma ya dashibodi. Nyingine ni hesabu tu. Injini nyingi za lita 1.3 hadi 1.5 hubeba lita 4 hadi 6 za maji. Kama fundi alimwaga yote na yakaingia lita 3 tu, nafasi iliyobaki imejaa hewa.

Kutoa hewa fanya hivi, gari likiwa limepoa kabisa. Liegeshe pua ikitazama juu ya mteremko, ili mdomo wa rejeta uwe mahali pa juu kuliko pengine pote. Vuta hendibreki na uweke jiwe nyuma ya tairi. Fungua mfuniko. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata kitako, geuza, ibane mdomoni mwa rejeta iwe faneli. Weka hita kwenye joto la mwisho. Jaza taratibu hadi maji yaonekane ndani ya chupa.

Washa injini, iache silensa. Mapovu yataanza kutoka. Maji yakishuka, ongeza. Minya paipu ya juu kwa kitambaa, achia, minya tena. Utaona mapovu mengine. Themostati ikifunguka, maji yatashuka ghafla na paipu itapata moto. Usikimbilie kufunga hapo, maana ndiyo kwanza maji yanaanza kuzunguka injini nzima. Endelea mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, na mapovu yaishe. Uso wako uwe mbali na chupa muda wote. Zima, acha ipoe, toa chupa, jaza hadi mdomoni, funga. Kesho yake asubuhi kagua tena kabla ya kuwasha. Mara nyingi utaongeza kidogo.

Baadhi ya magari yana skrubu ya kutolea hewa. Subaru Forester na Impreza nyingi zinayo, ya plastiki, kwenye kona ya juu ya rejeta. Ilegeze wakati wa kujaza, ifunge maji yakitoka bila mapovu. Nissan kadhaa zinayo kwenye paipu za hita. Ukiwa na gari la namna hiyo na skrubu haikuguswa, hewa bado imo.

Baada ya hapo nenda kwenye feni. Kubadilisha rejeta kunalazimisha kuchomoa soketi za feni, na soketi hizo husahaulika au hulegea. Washa injini, washa AC. Kwenye magari mengi feni huwaka hapohapo. Isipowaka, tazama soketi, fyuzi na rele.

Inawaka? Bado. Shika karatasi mbele ya grili, nje ya gari. Inapaswa kuvutwa ndani. Ikisukumwa nje, waya zimegeuzwa na feni inapingana na upepo wa barabarani. Kwenye magari yenye feni ya klachi inayozungushwa na injini, jaribu hivi: injini ikiwa imezimwa na ina moto, izungushe kwa mkono. Ikijizungukia yenyewe raundi kadhaa bila ugumu wowote, klachi imekufa.

Na lile kava la plastiki linalozunguka feni lazima lirudi mahali pake. Wapo mafundi wanaoliacha kwa sababu limevunjika masikio. Likikosekana, feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta. Tafuta lingine.

Mfuniko nao ni wa kuangaliwa. Huo ndio unaoshika presha, na presha ndiyo inayozuia maji yasichemke. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Maji yaliyo wazi huchemka huko kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko mzima wenye namba 1.1 unapandisha kiwango hicho kwa zaidi ya nyuzi 20. Ukiwa na mpira uliopasuka, maji yanachemka mapema na kukimbilia kwenye tanki la akiba. Rejeta mpya haistahili mfuniko wa zamani. Nunua wenye namba ileile iliyoandikwa kwenye ule uliokuja na gari. Asubuhi ukikuta paipu ya juu imebonyea kama imenyonywa, ni mfuniko huo, haurudishi maji kutoka tanki la akiba.

Rejeta yenyewe pia ihojiwe. Pima unene. Za kuiga huwa nyembamba, kwa mfano milimita 16 mahali palipokuwa na 26. Mjini hutajua, mlimani na mzigo ndipo utakapojua. Ukinunua kwenye maduka ya spea ya Gerezani au Kirinyaga Road, nenda na ile ya zamani mkononi, mziweke pamoja. Gari la otomatiki linahitaji rejeta yenye njia za mafuta ya gia boksi, isipokuwa kama lina kipoozi chake cha pembeni. Na hakikisha vizibo vya plastiki vinavyokuja na rejeta mpya vilitolewa vyote.

Kama injini ilikuwa ikinywa maji ya kisima cha chumvi kwa miaka, kutu imejaa ndani. Usipoisafisha, itahamia kwenye rejeta mpya na kuiziba. Ni vivyo hivyo kama iliwahi kutiwa bizari au dawa ya kuziba uvujaji. Safisha injini na hita kwa maji mengi hadi yatoke meupe, kisha weka kulanti na maji safi nusu kwa nusu.

Themostati inapimwa jikoni. Itoe, itumbukize kwenye sufuria ya maji, weka motoni. Namba iliyochapwa juu yake, tuseme 82, ni joto la kuanza kufunguka. Maji yakichemka iwe wazi kabisa. Isipofunguka, itupe. Unapoirudisha, kile kitundu chenye pini ndogo kikae juu, hewa ipitie hapo, isipokuwa kitabu cha gari kikisema vingine.

Usikubali gari litembee bila themostati. Najua utaambiwa nchi yetu ni ya joto, haina kazi. Kwenye injini nyingi themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kwa hiyo unaweza kuitoa ili gari lipoe, likachemsha zaidi.

Paipu ya chini iangalie mtu akikanyaga resi. Ikibonyea, imechoka. Pampu ya maji ishuku kama mkanda unateleza, kama inavuja kwenye kitundu chake, au kama hita bado ni ya baridi baada ya hewa yote kutoka.

Imebaki gasketi. Gari likiwa baridi, fungua mfuniko, washa. Mapovu yakitoka mfululizo na hayaishi, au paipu ya juu ikawa ngumu dakika mbili tu baada ya kuwasha, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Huenda ndiyo presha iliyopasua rejeta ya kwanza. Mwambie fundi apime kwa ile dawa ya bluu inayobadilika rangi ikikutana na moshi wa injini. Kipimo hicho ni cha bei ndogo kuliko kufungua hedi kwa kubahatisha. Ikithibitika, livute gari, usiliendeshe. Na hedi ikishafunguliwa, ipimwe kwa rula ya chuma kabla ya kuwekwa gasketi mpya. Ikiwa imepinda, iende mashine kwanza.

Ukishatengeneza, usianze na safari ya Mbeya. Zunguka mtaani nusu saa, kaa kwenye foleni makusudi, kisha tafuta mlima. Beba lita 5 za maji. Weka alama kwenye tanki la akiba na uikague kila asubuhi kwa wiki moja, gari likiwa baridi. Maji yakishuka na huoni tone chini, rudi kwenye kipimo cha gasketi.