Ndugu yako yuko matatani ng'ambo na ubalozi uko mbali: anzia hapa

Mvuvi wa Muhuru Bay akikamatwa ziwani na kupelekwa Musoma, ubalozi wa Kenya wa kumtetea uko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka seli anamolala. Binti wa Ndhiwa anayefanya kazi za nyumbani Beirut yuko chini ya ubalozi wetu ulioko Kuwait. Wakenya walioahidiwa kazi nzuri Thailand wakajikuta wamefungiwa katika kambi za utapeli upande wa Myanmar walishughulikiwa kutoka Bangkok, kwa sababu Kenya haina ubalozi Myanmar. Katika hali kama hizi familia iliyobaki Homa Bay au Migori ina kazi kubwa, na mara nyingi bidii yake ndiyo huamua kama msaada utawahi au utachelewa.

La kwanza ni kujua ubalozi upi unahudumia nchi aliyoko mtu wako. Balozi mmoja hukabidhiwa nchi kadhaa, na jambo hilo linajulikana katika Wizara ya Mambo ya Nje na kwenye tovuti za balozi zenyewe. Liulizie kabla mtu hajapanda ndege, uandike nambari na anwani ya barua pepe mahali ambapo kila mtu wa boma anapaona. Simu ya mwenye safari ndiyo hupokonywa kwanza, kwa hivyo nambari iliyo kwenye simu yake peke yake haitawasaidia.

Huenda ukaambiwa kwamba katika nchi hiyo kuna konseli wa heshima, kama ilivyo Beirut. Huyo kwa kawaida ni mkazi wa nchi hiyo mwenye shughuli zake nyingine, asiyelipwa mshahara wa ubalozi. Anaweza kupokea taarifa na kuzipeleka mbele, lakini uamuzi mzito na hati za kusafiria hutoka ubalozini. Mwandikie, ila nakala ya barua hiyo hiyo iende Kuwait, na nyingine Nairobi kwa Idara ya Serikali ya Masuala ya Diaspora, iliyoundwa mwaka wa 2022. Taarifa ikikaa kwa mtu mmoja, akiugua au akisafiri imelala.

Angalia pia saa na siku. Bangkok wametutangulia kwa saa 4: ukipiga simu kutoka Oyugis saa nane mchana, kwao ni saa kumi na mbili jioni na mlango umefungwa. Kuwait saa ni kama zetu, lakini wiki yao ya kazi huanza Jumapili na kuisha Alhamisi. Nimesikia watu wakilalamika kwamba ubalozi haupokei simu, kumbe walikuwa wakipiga Ijumaa. Jumapili, wakati wengi wetu tuko kanisani, ndiyo siku nzuri ya kuwapata.

Sasa tuje kwenye jina, kwa maana hapa ndipo mambo mengi hukwama. Nyumbani msafiri anaitwa Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu. Kazini walimpa jina rahisi kwao. Kwa mumewe anajulikana kwa jina la ukoo wa mume. Pasipoti ina majina matatu ambayo hata mama mkwe hayajui yote. Ofisa aliye maelfu ya kilomita kutoka hapa hawezi kumtafuta Nyar Karungu katika orodha ya mahabusu. Kwa hivyo kabla ya safari piga picha ya ukurasa wa pasipoti wenye picha yake, kitambulisho pande zote mbili, viza, mkataba wa kazi na jina la ajenti aliyempeleka. Nakala moja ya karatasi ibaki nyumbani, nyingine kwenye barua pepe ambayo ndugu wawili wanaweza kuifungua. Mwajiri akificha pasipoti, au ikizama ziwani, nakala hizo na nambari ya kitambulisho ndizo zitakazowasaidia maofisa kuthibitisha kwamba huyu ni Mkenya na kumtolea hati ya dharura ya kusafiria.

Taarifa yenyewe iwe fupi, ianze na mambo ya kufanyiwa kazi. Mfano:

"Mimi ni kaka yake. Jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti ni hili. Nambari ya pasipoti na ya kitambulisho ni hizi. Yuko mji fulani, mtaa fulani, kwa mwajiri fulani, simu ya mwajiri ni hii. Tuliongea naye mara ya mwisho tarehe fulani. Alisema amenyimwa chakula na mshahara wa miezi mitatu. Tunaomba ubalozi umtafute na utujulishe hali yake. Nimeambatisha nakala."

Basi. Historia ya ugomvi wake na ajenti itafuata wakiuliza. Kama una ujumbe wake wa sauti uliotumwa kwa WhatsApp, uhifadhi na utaje tarehe yake. Usiusambaze kwenye makundi: ukimfikia mwajiri kabla ya ubalozi, dada yako ndiye atakayeulipia.

Kwa ndugu zetu wa ziwani, kuanzia Remba na Ringiti hadi Migingo na Sori, kuna jambo ambalo kila baharia wa mtumbwi angepaswa kulijua kama anavyojua upepo. Mkataba wa Vienna wa Uhusiano wa Kikonseli wa 1963, kifungu cha 36, unasema mgeni akikamatwa lazima aelezwe haki yake ya kuwasiliana na ubalozi wake, na akiomba, ubalozi ujulishwe bila kukawia. Neno la kushika hapo ni akiomba. Asipoomba, polisi halazimiki kupiga simu. Kwa hiyo aseme waziwazi, mbele ya wenzake wa seli ikiwezekana: "Mimi ni raia wa Kenya, naomba ubalozi wangu ujulishwe." Tena barua ambayo mahabusu anauandikia ubalozi wake inapaswa kupelekwa bila kukawia.

Wakati huo walioko ufukweni wasingoje. Mwenyekiti wa kamati ya usimamizi wa ufuo (BMU) aandike majina ya waliokuwa kwenye mtumbwi, nambari ya mtumbwi, mahali na saa. Taarifa iende kituo cha polisi mpate nambari ya kitabu cha matukio (OB), kisha kwa chifu na naibu kamishna wa kaunti, kwa sababu viongozi wa usalama wa pande mbili za mpaka hujuana, na njia hiyo mara nyingi ni fupi kuliko ya kupitia mji mkuu. Lakini ubalozi ujulishwe hata hivyo, kesi isije ikafika mahakamani bila Kenya kujua. Kumbuka pia tofauti hii: Uganda Mkenya huingia kwa kitambulisho, Tanzania anahitaji pasipoti au hati ya muda, na jamaa anayevuka Isebania kwenda kumwona ndugu aliyefungwa bila karatasi hiyo atajiongezea shida.

Ubalozi una mipaka yake. Hauwezi kumtoa mtu jela kwa amri, wala kwa kawaida haumlipii faini, deni au wakili. Unaweza kumtembelea, kumwelekeza kwa mawakili, kuzungumza na wizara ya kazi ya nchi ile, na kutoa hati ya dharura. Hati hiyo ni ya safari moja ya kurudi nyumbani, na haifuti faini za kukaa nchini bila kibali, kwa hivyo uliza mapema kibali cha kutoka kitapatikanaje. Mtu akija Migori mjini akikwambia anajuana na watu wa ubalozi na anataka pesa ili "aharakishe", mkatae.

Ubalozi ukiwa mbali mno, kuna milango mingine. Msalaba Mwekundu wa Kenya hutafuta jamaa waliopotezana kwa vita au uhamiaji. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, husaidia waathiriwa wa biashara ya binadamu kurudi makwao. Na kwa kuwa Kenya iko katika Jumuiya ya Madola, ubalozi wa Uingereza unaweza kumsaidia Mkenya aliye katika nchi isiyo ya Jumuiya hiyo na isiyo na mwakilishi wetu yeyote. Huo ni msaada wa kuombwa, lakini ni wachache wanaojua kuuomba.

Vita vilipopamba moto Lebanon mwaka wa 2024, serikali iliwataka Wakenya walioko huko wajisajili kwanza ndipo warudishwe. Kwa hivyo mwambie mtu wako ajisajili na ubalozi wiki ya kwanza anapofika, akiwa salama na simu ingali mkononi mwake.

Ukishatuma taarifa na wiki mbili zikapita bila jibu, andika tena ukitaja tarehe ya barua ya kwanza, mpe nakala mbunge wako, na ikibidi mmoja wenu aende makao makuu ya wizara, Harambee Avenue, Nairobi. Abebe barua mbili zinazofanana. Moja aiache, nyingine aombe igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na arudi nayo nyumbani.