Oktoba ya miti ya matunda: tuta kwanza, mche baadaye

Kila Septemba nyanda za Kaputiei huwa zimekauka, na udongo mweusi kutoka Kitengela kuelekea Isinya umepasuka nyufa zinazoweza kunasa mguu wa mbuzi. Wengi hawafikirii kupanda mti wakati kama huo. Lakini familia yenye robo au nusu ekari inayotaka matunda yake yenyewe ina kazi mwezi huu.

Sababu iko kwenye kalenda. Mvua fupi hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, mvua ndefu kati ya Machi na Mei. Mche wa Oktoba huvumilia jua la Januari na Februari, kisha hupata mvua ya pili. Kiangazi kirefu kinachoanza Juni huukuta mizizi imeshashuka. Mche wa Aprili hupata mvua moja tu kabla ya kiangazi hicho, na familia hujikuta ikinunua maji ya lori mwezi baada ya mwezi. Hapo ndipo pesa za shamba la nyumbani hupotelea, wala si kwenye bei ya mche.

Shida ya pili ni shimo, na huwapata hasa waliohamia Kitengela kutoka sehemu za udongo mwekundu kama Kiambu na Murang'a. Kule, shimo la futi mbili lililojazwa samadi hutosha. Kwenye udongo mweusi shimo hilo hugeuka sufuria: mvua ikinyesha, maji hujaa na hayana pa kutokea. Mizizi hukosa hewa, majani huwa manjano, na mkulima akidhani ni kiu huongeza maji. Mipapai na miavokado hufa kwanza. Wauza miche wamelaumiwa mara nyingi kwa kosa hili ambalo si lao.

Kinachofaa ni tuta. Udongo wa juu hukusanywa, huchanganywa na debe moja au mawili ya samadi iliyooza vizuri, kisha huinuliwa futi moja au moja na nusu juu ya ardhi, kwa upana wa kama mita moja na nusu. Kando yake hupitishwa mfereji mdogo wa kuondoa maji ya ziada. Likijengwa Septemba tuta hupata muda wa kutulia. Mche hupandwa mvua ikishalowesha ardhi barabara, si kwa manyunyu ya siku ya kwanza.

Aina ya mti nayo ichaguliwe kwa kuangalia maji. Visima vingi vya Kajiado vina maji ya chumvi, na mwavokado ukinyweshwa maji hayo majani huungua kingo. Avokado inayostawi Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, ina udongo wa volkano na chemchemi. Si haki kuilinganisha na ploti ya Kitengela. Mkomamanga huvumilia chumvi zaidi, na mpera pia kwa kiasi. Mwembe huhimili ukame ukishashika, ila haupendi chumvi.

Maji ya mvua hayana chumvi, na paa lipo tayari. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 10 hupokea lita 2,000 mvua ya milimita 25 ikinyesha. Miche 10, kila mmoja ukipewa lita 20 kwa wiki, hutumia lita 1,600 katika wiki 8, yaani karibu Januari na Februari zote. Nyasi kavu zikitandazwa juu ya tuta maji hudumu zaidi, mradi zisiguse shina. Mchwa hupenda njia hiyo. Na ua uwe tayari kabla ya mche kufika. Mbuzi hasubiri.

Anayeona tuta na tangi ni kazi ya kupindukia akumbuke kwamba tangu mwishoni mwa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, kisha mwaka wa 2024 mafuriko yakafika Kitengela.

Kwa walio na miembe inayozaa tayari, adui wa miezi ijayo ni nzi wa matunda. Aina iliyo mbaya zaidi iligunduliwa nchini mwaka wa 2003, na kwa sababu ya nzi hao Kenya ilisitisha kupeleka maembe Ulaya mwaka wa 2014 hadi 2021. Maembe yaliyoanguka yaokotwe kila siku, yafungwe ndani ya mfuko mweusi na kuachwa juani, au yafukiwe futi mbili chini. Jirani asipofanya hivyo, nzi watavuka ua.

Asiyejua udongo wake achimbe shimo la futi moja na nusu, alijaze maji, ayaache yaishe, kisha alijaze tena. Maji ya mara ya pili yakiwa bado yamesimama asubuhi ya kesho yake, ploti hiyo inahitaji tuta.