Alama za Kurithi katika Plazma ya Sungura

Sungura wa kufugwa, anayetunzwa kwa nyama na manyoya yake, ndiye aliyefumbua jambo moja kubwa katika elimu ya damu. Mwaka 1956, Jacques Oudin wa Taasisi ya Pasteur, Paris, alimchoma sungura kingamwili zilizotoka kwa sungura mwenzake. Mwili wa mpokeaji ulizitambua kuwa ngeni, ukazitengenezea kingamwili nyingine, ingawa wote wawili ni wa spishi moja. Alama zilizosababisha hali hiyo Oudin aliziita alotipu.

Alama hizi hurithiwa. Mtoto aliyepata b4 kwa mama na b5 kwa baba huwa na zote mbili katika plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu. Lakini kila seli inayotengeneza kingamwili hutoa moja tu.

Mwaka 1962 Sheldon Dray aliripoti jambo la ajabu zaidi. Sungura jike akichanjwa dhidi ya alama ya dume kabla ya kupandwa, kingamwili zake huwafikia watoto tumboni. Anayezijua athari za Rhesus angetarajia maafa. Watoto hawafi, ila alama ya baba hufifia kwa muda mrefu, hata baada ya kingamwili za mama kwisha. Ile ya mama huongezeka na kuziba pengo. Jeni ya baba imo, bali imenyamazishwa.

Binadamu naye anazo alama za namna hii. Zile za mfumo wa Gm ziligunduliwa na Rune Grubb nchini Uswidi mwaka huohuo wa 1956. Mgonjwa anayeongezewa damu mara kwa mara, kama mwenye selimundu, aweza kuunda kingamwili dhidi yake, na kwa kawaida hadhuriki. Hatari iko kwingine: kwa wale wachache wasio na imunoglobulini A kabisa, ambao miili yao imeunda kingamwili dhidi ya protini hiyo. Kwao mililita chache za damu zaweza kuleta mzio mkali: pumzi kubana, shinikizo la damu kushuka, bila homa. Hapo mhudumu husimamisha damu mara moja, huacha mshipa wazi kwa dripu ya maji ya chumvi, hutoa adrenalini, kisha huhakiki lebo ya chupa. Akihitaji damu tena, mgonjwa huyo hupewa seli nyekundu zilizooshwa ili kuondoa plazma. Kwa hiyo tukio hilo huandikwa katika kadi yake, naye hulitaja kila aendapo hospitali.