Mama Kasema: Jinsi ya Kuhoji Nguvu ya Mwenza wa Kiongozi

Ofisa manunuzi wa halmashauri anapokea simu. Anayepiga si mkurugenzi wala mkuu wa mkoa, ni msaidizi wa mke wa kiongozi. Hatoi amri. Anasema tu kwamba Mama angefurahi kuona kampuni fulani ikifikiriwa. Hakuna barua, hakuna dokezo kwenye faili, hakuna sahihi ya mtu yeyote. Zabuni ikija kuharibika, atakayesimama mbele ya wakaguzi ni yule ofisa, peke yake.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini mtumishi wa umma yeyote anaujua uzito wa maneno "Mama kasema". Ni maneno yenye nguvu kwa sababu hayana mwenyewe. Waziri huitwa bungeni, katibu mkuu huhojiwa na kamati ya hesabu za serikali, diwani hunyimwa kura. Mwenza wa kiongozi hakuomba kura, hakuapishwa, na hakuna anayeweza kumwachisha kazi ambayo hakuajiriwa. Makala haya yanaeleza sheria inaruhusu nini, mpaka uko wapi, na mwananchi wa kawaida aulize nini na wapi. Nayasema kwa wake na kwa waume pia, maana tangu 2021 Tanzania ina Rais mwanamke, na mume wa kiongozi naye ana simu.

Tuanze na lililo halali. Kuzungumza na mwenzako wa ndoa kuhusu kazi kwa kawaida si kosa. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 37, inasema Rais hatalazimika kufuata ushauri wa mtu yeyote isipokuwa pale Katiba yenyewe au sheria inapomtaka. Maana yake ni kwamba anaweza kumsikiliza amtakaye, awe profesa, shehe, askofu au mkewe, ila uamuzi ukitoka ni wake na lawama ni yake. Katiba ya Kenya ya 2010 inakwenda mbele zaidi. Kifungu cha 135 kinataka uamuzi wa Rais anaoufanya kwa mamlaka ya Katiba uwe kwa maandishi, wenye muhuri na sahihi yake. Kifungu kifupi, na watu wengi hawakijui, lakini ndicho kinga kubwa ya mtumishi aliyepigiwa simu. Neno lililopitia mlango wa uani si uamuzi wa Rais, hata kama limetoka Ikulu kweli.

Kwa hiyo ukiwa mtumishi wa umma na ukapata ombi la namna hiyo, lijibu kwa heshima: "Naomba agizo hilo lije kwa maandishi, kupitia kwa mkuu wangu wa kazi." Kisha andika kwenye faili tarehe, saa na maneno uliyoambiwa. Usibishane na usitangaze. Anayetaka jambo halali ataandika barua, na asiyetaka kuandika atakuwa amekwisha kukujibu.

Mwaka 1993 Marekani ilipata funzo ambalo halifuati njia tunayoitarajia. Rais Bill Clinton alimpa mkewe, Hillary, uenyekiti wa kikosi kazi cha kurekebisha huduma za afya. Kikosi kilikutana faragha. Chama cha madaktari kikaenda mahakamani, kikidai kwamba kwa sheria ya 1972 kamati ya ushauri yenye mjumbe asiye wa serikali lazima ifungue milango. Hillary Clinton hakuwa na mshahara wala cheo cha serikali, kwa hiyo hoja ilionekana nzito. Mahakama ya rufaa ya Washington ikaamua kwamba, kwa ajili ya sheria ile, mke wa Rais ahesabiwe kama ofisa wa serikali, na mojawapo ya misingi yake ilikuwa sheria ya 1978 inayotambua msaada ambao mwenza humpa Rais katika kazi zake. Basi kutambuliwa kwake ndiko kulikosaidia vikao vile kubaki faragha. Mpango wenyewe ulikwama bungeni 1994. Ninauleta mfano huu kwa sababu wengi hudhani dawa ni kumpa mwenza cheo rasmi ili mambo yawe wazi. Cheo peke yake hakileti uwazi. Kinacholeta uwazi ni karatasi: nani aliamua, kwa fedha za kifungu kipi, na nani atakuja kujibu.

Hapo tunafika kwenye fedha, na kwenye fedha ndiko mwananchi ana nguvu zaidi ya anavyodhani.

Kenya kwa miaka mingi ilikuwa na ofisi ya Mke wa Rais iliyolipiwa na hazina. Kuna mema yaliyotoka humo. Kampeni ya Beyond Zero ya Margaret Kenyatta, iliyoanza 2014, ilichangisha fedha na kupeleka kliniki za magari katika kaunti kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga. Lakini mlango ukishafunguliwa hupanuka. Kufikia serikali ya William Ruto, bajeti ilikuwa na mafungu ya ofisi ya Mke wa Rais, ya mwenza wa Naibu Rais, na hata ya mwenza wa Mkuu wa Mawaziri. Katiba haitaji hata moja kati ya ofisi hizo. Vijana walipoingia barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, mafungu haya yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowachoma, na tarehe 5 Julai 2024 Ruto alitangaza kuwa yanaondolewa kwenye bajeti.

Ushindi ule ulikuwa wa haki. Hata hivyo, tangazo la rais haliwezi kukutosha wewe mlipa kodi. Fungu likifutwa jina, matumizi yanaweza kuhamia ndani ya fungu la Ikulu, chini ya usafiri wa ndani, usafiri wa nje au ukarimu. Njia ya kufuatilia ni kulinganisha fungu la Ikulu la mwaka huu na la mwaka uliopita, kisha kusoma ripoti za kila robo mwaka za Msimamizi wa Bajeti na ile ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Kwa Tanzania, Ikulu ni Fungu 20 kwenye vitabu vya bajeti, na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu (CAG) huwasilishwa bungeni kila mwaka na kuwekwa hadharani. Mafungu yakiongezeka ghafla bila maelezo, hilo ni swali la kumpelekea mbunge wako, kwa barua.

Wakenya wana kazi nyingine iliyo karibu zaidi na nyumbani. Katika kaunti nyingi mke wa gavana ana msafara, wasaidizi na "miradi ya Mama Kaunti". Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaeleza gavana, naibu wake na kamati tendaji. Ofisi ya mke au mume wa gavana haimo. Nani anamlipa dereva? Gari limesajiliwa kwa jina la idara gani? Bunge la kaunti lina kazi ya kuuliza hayo, na wewe una haki ya kuhudhuria vikao vya umma vya bajeti na kuyauliza mwenyewe. Kwa maoni yangu swali la dereva lina faida kuliko hotuba kumi kuhusu maadili, maana lina jibu mahususi linaloweza kuthibitishwa.

Ghana ilikwenda hadi mwisho wa njia hii. Kamati iliyoteuliwa kupitia mishahara ya viongozi ilipendekeza wake wa Rais na wa Makamu walipwe kama mawaziri. Wananchi walipopandwa na hasira Julai 2021, Rebecca Akufo-Addo alikataa malipo hayo na kurudisha serikalini cedi 899,097.84, jumla ya posho alizokuwa amelipwa tangu mumewe aingie madarakani 2017. Kesi iliyopinga malipo hayo iliendelea hata hivyo, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba wenza hao si watumishi wa umma wanaostahili malipo yale kikatiba. Hapa ndipo ustaarabu wa mtu mmoja unapotofautiana na sheria. Angerudisha au asingerudisha, sasa mlango umefungwa kwa watakaokuja baada yake.

Kuna fedha ambazo hazipiti kwenye bajeti kabisa, na hizo ndizo ngumu zaidi kuzifuata. Wake wa marais wengi wa Afrika huanzisha mifuko ya hisani. Nchini Tanzania, Mama Anna Mkapa alianzisha mfuko wa EOTF 1997, Mama Salma Kikwete akaanzisha WAMA 2006, na shule ya wasichana ya WAMA-Nakayama mkoani Pwani ni kazi inayoonekana kwa macho. Sina tatizo na shule. Swali la mwananchi ni la mfadhili: kampuni iliyochangia mfuko wa mke wa Rais leo, je, ina leseni, msamaha wa kodi au zabuni inayosubiri sahihi ya serikali ile ile kesho? Mfuko uliosajiliwa una wadhamini na hesabu. Omba hesabu zilizokaguliwa na orodha ya wafadhili wakubwa. Mfuko mwema utaitoa bila kuona haya, maana orodha hiyo inamlinda hata mama mwenyewe.

Malaysia ilionyesha mambo yanavyokuwa pale ambapo hakuna aliyeuliza kwa wakati. Mwaka 2022 mahakama ilimtia hatiani Rosmah Mansor, mke wa aliyekuwa Waziri Mkuu Najib Razak, kwa rushwa iliyohusu mradi wa umeme wa jua kwa shule 369 za vijijini Sarawak, na kumhukumu kifungo cha miaka kumi pamoja na faini ya ringgit milioni 970. Alikata rufaa. Upande wa mashtaka haukudai kwamba alikuwa na cheo. Ulieleza kwamba hakuwa nacho, ila alikuwa na ushawishi juu ya watendaji wa serikali, na ushawishi huo ndio uliouzwa. Shule zile zilikuwa za watoto waliokuwa wakisubiri umeme.

Sheria zetu zinajua hatari hii, angalau kwenye karatasi. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya Tanzania, Na. 13 ya 1995, inamtaka kiongozi atamke mali na madeni yake, ya mwenza wake, na ya watoto wake walio chini ya umri wa miaka 18 na hawajaoa wala kuolewa. Kenya nayo tangu sheria ya maadili ya 2003 imedai tamko la mali za mume au mke. Kosa la kawaida ni kudhani mali iliyoandikwa kwa jina la mke iko nje ya macho ya sheria. Haiko nje.

Wakati ambao nguvu ya mwenza hufika kileleni ni pale kiongozi anapougua. Oktoba 1919 Rais Woodrow Wilson wa Marekani alipatwa na kiharusi. Mkewe Edith ndiye aliyeamua nani amwone na karatasi ipi imfikie, na taifa halikuelezwa ukubwa wa ugonjwa. Wilson alibaki rais hadi Machi 1921. Marekebisho ya Katiba yenye utaratibu kamili wa rais asiyejiweza yalikamilika 1967. Sisi tunao utaratibu huo tayari. Tanzania, Ibara ile ile ya 37 inaliruhusu Baraza la Mawaziri kumwomba Jaji Mkuu athibitishe kuwa Rais hamudu kazi, naye huunda bodi ya madaktari. Kenya, Kifungu cha 144 kinaanzia kwa wabunge na kufika kwenye jopo lenye madaktari watatu. Rais akitoweka machoni kwa wiki kadhaa, usiulize familia inasemaje. Uliza waziri au mbunge wako kama vifungu hivi vinafuatwa.

Neno moja la haki kabla sijaeleza namna ya kuomba taarifa. Tuna mazoea mabaya ya kumtwisha mwanamke dhambi za utawala mzima. Novemba 2017 jeshi la Zimbabwe liliingilia kati siku chache baada ya Emmerson Mnangagwa kufukuzwa umakamu, na wengi wakasema tatizo ni mke wa Rais, Grace Mugabe. Ni kweli alikuwa ameongoza umoja wa wanawake wa ZANU-PF tangu 2014 na alikuwa akiitaka ngazi ya juu. Lakini Robert Mugabe alikuwa madarakani tangu 1980, na ndoa yao ni ya 1996. Aliyemfukuza makamu ni Mugabe. Chama kilichomtii kwa miaka 37 kilipata mtu wa kulaumiwa bila kujihoji. Vivyo hivyo tusimchanganye mwenza aliye pembeni na yule aliyeingia kwa mlango wa mbele: Janet Museveni aligombea ubunge wa Ruhaama 2006 na akawa Waziri wa Elimu wa Uganda 2016, Salma Kikwete alishinda jimbo la Mchinga 2020. Unaweza kuwa na maoni makali kuhusu familia moja kushika nafasi nyingi, lakini hao angalau waliweza kuhojiwa, waziri bungeni na mbunge mbele ya wapiga kura wake.

Sasa namna ya kuomba. Andika barua kwa taasisi inayotunza taarifa, si kwa mwenza. Taja jambo moja mahususi: gari, safari, msaidizi, mchango, pamoja na tarehe. Nchini Kenya, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu, na hulazimiki kueleza sababu ya kuuliza. Ukinyimwa, una siku 30 kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Nchini Tanzania, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, ni kwa raia, na muda wa kujibu ni siku 30. Ukikataliwa, unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, kisha unaweza kukata rufaa kwa waziri. Tunza nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa. Usipojibiwa kabisa, nakala hiyo ndiyo ushahidi wako.